ALIYEPEWA JEMBE SI MGENI TENA

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliutumia msemo huo katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alipoeleza kwamba katika jamii ya jadi ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kwa kawaida methali hiyo huelekezwa kwa mgeni, ili asibweteke akala jasho la wenzake. Lakini unao upande wake wa pili, ambao haukumbukwi sana, nao unamhusu mwenyeji. Mwenyeji aliyekwisha kumpa mgeni jembe, akala alicholima, na miaka ikapita, hana tena haki ya kumwambia kwamba yeye bado ni mgeni.

Upande huo wa pili ndio kiini cha mjadala juu ya wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Mjadala huo umezikumba nchi nyingi, tajiri na maskini, nao mara nyingi huendeshwa kwa hasira na hofu kuliko kwa hoja. Katika Afrika Mashariki jambo hili si geni hata kidogo. Mashamba ya mkonge, ya miwa, ya chai na ya tumbaku yalipandwa na kuvunwa kwa mikono ya watu waliovuka mipaka. Swali ambalo sheria za nchi hizi hazijalijibu kwa ukamilifu ni hili: mtu ambaye kazi yake imepokelewa kwa miaka mingi ana hadhi gani mbele ya nchi iliyoipokea kazi hiyo?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Wamakonde wa Kenya. Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji, nao walikuwapo kabla mkoloni hajapachora mpaka hapo. Tangu miaka ya 1930 baadhi yao walitoka Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno, wakapita Tanganyika na kufika hadi pwani ya Kenya. Huko walikata mkonge na kulima miwa, miongoni mwa mahali pengine katika eneo la Ramisi, Kwale, kulikokuwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Walijenga, walioa, walizaa, na walizika wazee wao katika ardhi hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba tatizo la mfanyakazi wa zama zile halikuwa kukosa karatasi. Karatasi alikuwa nazo, tena za kumfunga. Nchini Kenya mkoloni alitunga sheria ya kipande mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimika kukichukua kipande chake, kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika mfanyakazi wa mkataba aliitwa manamba, kwa kuwa bwana mwenye shamba alimjua kwa namba, si kwa jina. Mwaka 1944 wenye mashamba hao waliunda shirika la kukusanya vibarua, ambalo mawakala wake walikwenda mbali kuwatafuta, hata nje ya mipaka ya Tanganyika. Kwa hiyo wakati ule hapana aliyeuliza kwa nini mgeni huyu amekuja. Alitafutwa, alisafirishwa, alihesabiwa, na kupewa jembe hata kabla ya siku ya tatu.

Mambo yaligeuka Uhuru ulipopatikana. Katiba ya Kenya huru ilimfanya kuwa raia, kuanzia tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa nchini humo ambaye angalau mzazi wake mmoja pia alizaliwa humo. Baadhi ya watu wengine walipewa miaka miwili ya kuomba waandikishwe. Mkata mkonge aliyetoka Msumbiji hakuwa na wakili wala redio ya kumwarifu juu ya muda huo. Alikuwa shambani. Muda ulipita, na mtu aliyekuwa namba katika daftari la bepari hakuwa hata namba katika daftari la taifa.

Matokeo yake yalidumu zaidi ya nusu karne. Asiye na kitambulisho nchini Kenya hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kusajili simu kwa jina lake, hawezi kumiliki shamba kwa hati, wala hawezi kuajiriwa kwa mkataba. Fedha zake hulazimika kuwekwa kwa jina la rafiki, naye rafiki akifa au akigeuka, fedha zimekwenda. Mtoto wake hukua akijua kwamba siku ya kutimiza miaka kumi na minane, wenzake wakienda kuchukua vitambulisho, yeye atabaki nyumbani. Hakuna kosa alilotenda mtoto huyo. Amerithi kutokuwapo kwa karatasi, kama vile mwingine anavyorithi ng'ombe au mnazi.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba sheria ya kuwasaidia ilikwisha kutungwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwa wakiishi Kenya mfululizo tangu Uhuru, pamoja na vizazi vyao. Mlango huo uliwekewa muda wa miaka mitano. Miaka mitano ikakaribia kwisha, na Wamakonde bado hawakuwa wameandikishwa. Kilichobadili hali hiyo ni miguu yao wenyewe. Mwezi Oktoba 2016 walianza msafara kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaomba radhi kwa kuchelewa huko, akatangaza kwamba wasiitwe tena wageni, na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka ule kwisha. Mwaka 2017 Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Desemba 2020 wakafuata Washona, pamoja na watu wa asili ya Rwanda ambao wazee wao walifanya kazi katika mashamba ya chai. Na mwaka 2023 wakafuata Wapemba wa pwani ya Kenya, ambao wengi wao ni wavuvi.

Hatua hizo ni za kusifiwa. Hata hivyo, ndani yake limo onyo kwa kila mtumishi wa umma. Sheria ilikuwapo tangu 2011, na ofisi za kuitekeleza zilikuwapo, lakini haki haikupatikana mpaka watu walipofunga safari hadi mlango wa Ikulu. Haki ambayo haipatikani bila maandamano ni fadhila tu, na fadhila humfikia mwenye sauti na kumwacha mnyonge asiye na sauti. Mzee aliyekuwa mgonjwa asiweze kutembea, au mjane aliyekuwa katika shamba la mbali asikokuwa na jamaa wa kumpelekea habari, naye alikuwa na haki ile ile.

Tanzania nayo ina historia yake, na kwa sehemu kubwa ni historia ya kujivunia. Mwaka 1980 nchi hii iliwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000, wakati ambapo nchi nyingi duniani zilikuwa zikifunga milango. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walipokabidhiwa maeneo hayo yalikuwa misitu. Baada ya miaka michache yalikuwa yakitoa mahindi, maharage na tumbaku, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha walikuwa wakijitegemea. Mwaka 2010 maombi yao ya uraia zaidi ya 160,000 yalikubaliwa, na kuanzia Oktoba 2014 walianza kukabidhiwa hati. Ni nadra kuona duniani taifa likiwapokea wakimbizi wengi kiasi hicho kuwa raia kwa mara moja.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote. Kati ya 2010 na 2014 watu hao walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, na hati za Tanzania walikuwa hawajazipata, kwa sababu mpango wa kuwatawanya mikoani ulikuwa haujaamuliwa. Kwa miaka minne mkulima wa Mishamo hakuwa Mrundi wala Mtanzania. Aidha, mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyofanyika Kagera, Kigoma na Geita, makumi ya maelfu ya watu waliondoka au waliondolewa nchini. Kulikuwa na sababu nzito ya operesheni hiyo, kwani ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewatesa wananchi wa mikoa hiyo. Lakini katika wavu ule walinaswa pia watu waliokuwa wameishi nchini miongo mingi, wenye wake na waume Watanzania na watoto waliozaliwa hapa. Wavu haumtambui samaki, na ofisi isiyo na daftari haina namna ya kumtenga jambazi na mpalilia migomba.

Na wapalilia migomba bado wapo. Vibarua kutoka nchi jirani huingia mikoa ya magharibi kila msimu kulima, kupalilia na kuvuna. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inakataza kumwajiri asiye raia bila kibali, na hilo ni sawa. Tatizo ni kwamba utaratibu wa vibali umebuniwa kwa ajili ya mhandisi, mhasibu na mwekezaji. Kibarua wa siku tisini mwenye jembe begani hana fomu inayomfaa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Lakini milango iliyofunguliwa kwa itifaki hiyo imefunguliwa zaidi kwa wenye taaluma. Daktari anaweza kuingia kwa mlango wa mbele. Mvujajasho anaachiwa kichochoro, kisha anaadhibiwa kwa kupita kichochoroni.

Nani anafaidika na hali hiyo? Si taifa, kwa sababu halijui nani yumo ndani yake. Si mfanyakazi raia, kwa sababu hawezi kudai ujira wa haki wakati mwingine analazimika kufanya kazi ile ile kwa nusu yake. Si kibarua mgeni. Anayefaidika ni mwajiri mwenye tamaa. Asiye na hati hamchangii katika mfuko wa hifadhi ya jamii, hamlipi akiumia, wala hamwogopi kwamba atakwenda kwa afisa kazi. Siku ya malipo inapofika, mwajiri wa namna hiyo anajua kwamba taarifa moja kwa maafisa wa uhamiaji yaweza kufuta deni la msimu mzima. Huo ni unyonyaji ule ule wa enzi za manamba. Tofauti ni kwamba zamani mnyonyaji alitumia karatasi kumfunga mfanyakazi, na leo anatumia ukosefu wa karatasi.

Wako wanaopinga kuwapa hadhi ya kisheria wafanyakazi wa aina hii, na hoja zao zastahili kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza husema kwamba kazi ni chache, na za kwanza kuzipata wawe wananchi. Hilo ni kweli. Lakini anayeshusha ujira ni mtu asiyeweza kudai ujira. Ukimpa kibarua mgeni haki ya kulipwa sawa na raia, umemwondolea mwajiri sababu ya kumpendelea. Wa pili husema kwamba usalama wa nchi uko hatarini. Nalo ni jambo la kuangaliwa. Ila mtu aliyeandikishwa, ambaye picha yake, alama zake za vidole na makazi yake yanajulikana, ni rahisi kufuatiliwa kuliko anayejificha kila aonapo sare.

Wa tatu husema kwamba msamaha huzaa wahamiaji wengine, na hutoa mfano wa Marekani. Mfano huo ni mzuri, lakini unafundisha somo lingine. Novemba 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowawezesha watu wapatao milioni 2.7 kupata hadhi ya kisheria. Walikuwamo waliokuwa wakiishi nchini humo tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982, na kundi la pekee la wafanyakazi wa mashambani. Katikati ya miaka ya 2000, wasio na hati walikuwa wamekadiriwa kupita milioni 10. Sababu zake si ngumu kuziona. Tarehe iliyowekwa haikusogezwa. Vibali vya kudumu kwa wafanyakazi wa kazi za mikono vilibaki vichache mno kuliko kazi zilizokuwapo. Na mwajiri aliadhibiwa endapo tu ilithibitika kwamba aliajiri hali akijua, hivyo alitosheka kuonyeshwa karatasi inayofanana na ya kweli. Mwaka 2013 Baraza la Seneti lilipitisha muswada mwingine kwa kura 68 dhidi ya 32, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Somo ni kwamba msamaha wa mara moja bila njia ya kudumu ni sawa na kutoa maji ndani ya ngalawa bila kuziba tundu. Ubaya haukuwa kuyatoa maji.

Yapasa basi marekebisho ya sheria yasiwe ya kungojea huruma ya mwaka fulani. Ziko hatua nne ambazo hazihitaji fedha nyingi bali nia thabiti.

Kwanza, sheria iweke kipindi kinachojulikana cha kuishi na kufanya kazi kwa uaminifu, ambacho mtu akikitimiza apate haki ya kuomba ukaazi wa kudumu na hatimaye uraia. Kipindi hicho kisogee pamoja na miaka, kisibaki kimegandishwa kwenye tarehe moja ambayo wengine hawakuisikia.

Pili, pawepo kibali cha msimu kwa kibarua wa shambani, kitolewe karibu na mpaka kwa gharama ambayo kibarua anaimudu, na kisifungwe kwa mwajiri mmoja. Kibali kinachomilikiwa na mwajiri ni kipande kwa jina lingine.

Tatu, mzigo wa adhabu umwelemee zaidi mwajiri, na ujira uliokwisha kufanyiwa kazi ulipwe hata kama mfanyakazi hana hati. Aliyevunja sheria ya uhamiaji ana kosa lake, lakini kosa hilo halimfanyi mwingine kuwa na haki ya kula jasho lake bure.

Nne, uandikishaji wa vizazi utenganishwe na hadhi ya wazazi. Cheti cha kuzaliwa si hati ya uraia. Ni ushahidi tu kwamba mtoto fulani alizaliwa siku fulani mahali fulani. Kumnyima mtoto cheti hicho hakumrudishi mzazi kwao. Kunaongeza tu idadi ya watu wasiojulikana katika kizazi kijacho.

Katika haya yote, watumishi wa umma na walimu ndio watakaoamua kama sheria itakuwa hai au itabaki kabatini kama ile ya Kenya ya 2011. Mtu asiye na hati huombwa athibitishe kwamba ameishi nchini miaka ishirini, naye hana hati ya kuthibitishia. Lakini ushahidi upo, nao umo mikononi mwao. Uko katika kadi ya kliniki aliyoandika muuguzi, katika kumbukumbu za mtendaji wa kijiji, katika ushuhuda wa balozi wa nyumba kumi aliyemwona akijenga, na katika daftari la mahudhurio la shule ya msingi. Mwalimu aliyeita jina la mtoto kila asubuhi kwa miaka saba, naye mtoto akaitika, ameandika ushahidi ambao mahakama yoyote yenye haki ingeupokea. Daftari hilo lisitupwe, na mwalimu asiogope kulitoa linapohitajiwa.

Inafaa pia lugha ya ofisini itazamwe upya. Neno "mhamiaji haramu" limezoeleka mno katika taarifa na barua za serikali. Kuingia nchini bila kibali ni kosa la kisheria, na makosa yana adhabu zake. Lakini mtu mwenyewe hawi haramu. Afisa aliyezoea kumwita binadamu haramu hatachelewa kumtendea hivyo, na mtoto aliyesikia babake akiitwa hivyo hatasahau.

Mipaka ya Afrika ilichorwa na watu ambao hawakuulima udongo wake. Serikali huru zimeikubali mipaka hiyo kwa ajili ya amani, na ni wajibu wao kuilinda. Lakini kuilinda mipaka si kuikana kazi iliyokwisha kufanyika ndani yake. Mkonge ulikatwa, sukari ikanywewa chai, tumbaku ikaleta fedha za kigeni, na kodi ikakusanywa. Vyote hivyo vilipokelewa bila kuulizwa hati. Kilichobaki ni kumpokea na aliyevizalisha, kwa sheria iliyo wazi, katika ofisi iliyo karibu, bila kumlazimu kutembea hadi Ikulu ndipo asikike.